Miguu ya Bobini

Wapo watu ambao kuku kwao ni mchuzi unaotembea. Sina ugomvi nao, ila habari hii haiwahusu. Waendelee na sufuria zao. Hii ni habari ya kinyozi mmoja, mama mkwe wake, na kuku jike mwekundu ambaye ungemtazama kwa jicho la njaa katika nyumba ile, ungetolewa nje kabla hujamaliza kumeza mate.

Kinyozi huyo mtaa mzima ulimwita Redio. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara: kiti cha kuzunguka kilichochoka, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la wanaosubiri. Tangu anachomeka mashine asubuhi mpaka anapoichomoa jioni, mdomo haukufungwa. Mpira, siasa, nani kaoa, nani kaachwa, dawa ya mba, sababu ya mvua kuchelewa. Kila jambo alikuwa na la kusema, na kama hakuwa nalo alilitunga papo hapo. Walikuwapo wazee wenye upara kamili waliokuja kunyolewa. Mtu aliinuka kitini kichwa kimepungua na masikio yamejaa.

Lakini Redio huyohuyo akivuka kizingiti cha nyumba yake, betri zilikwisha. Sababu ilikuwa mama mkwe.

Redio alilelewa kuamini kwamba aliyekuzalia mke haangaliwi usoni. Mbele yake unapunguza sauti, unapunguza maneno, na ukiulizwa unajibu "ndiyo, mama" hata kama jibu ni hapana. Mama mkwe naye, mwanamke mrefu, mkimya, aliyestaafu upishi wa shule, aliamini kwamba kila nyumba ina mwenyewe, na mtu mzima mwenye kujiheshimu hatii pua yake katika mambo ya mkwewe. Kwa hiyo kila alipokuja kutembea, maneno yote yalipita kwa mke. "Mwambie mama chai iko tayari." "Mwambie mumeo nimeshakunywa." Na wote watatu wako chumba kimoja! Mke alicheka mpaka sindano ikamdondoka. "Hivi mimi nimeolewa, au nimeajiriwa ukalimani?"

Mke huyo alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani karibu na dirisha, na chini yake, katikati ya vipande vya vitambaa, ndipo kuku aliposhinda kutwa; usiku alilala bandani uani. Alimpata angali kifaranga, vidole vya mguu mmoja vimejikunja kama ngumi, wenzake wanamdonoa kwa zamu. Watu walimwambia huyo hafiki popote. Yeye akakata kipande cha boksi cha ukubwa wa unyayo wa kifaranga, akanyoosha vidole kimoja baada ya kingine, akavibandika kwa plasta, na kumwacha amevaa kiatu chake hicho mpaka vidole vikajifunza kunyooka. Tangu hapo kifaranga hakumwacha. Alizunguka miguuni pake siku nzima mguu wa fundi ukikanyaga na gurudumu likizunguka, ndiyo akaitwa Bobini, jina la kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini.

Kisha mke akafa. Sitaki kulirefusha hili, maana hata wenyewe hawakupewa muda wa kulirefusha. Aliugua mwanzoni mwa juma, na juma halikuisha naye.

Baada ya maziko, nyumba ilijaa watu, kisha ikaanza kupungua. Alikuwapo shemeji yake Redio, kaka wa marehemu, dereva wa lori, mtu wa mwili na sauti kubwa. Ilipofika siku yake ya kuondoka alimwambia mama yake afunge mfuko. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na cherehani. Akainama, akatazama chini yake.

"Mimi nabaki kidogo," akasema. "Kuku wa mwanangu hana mtu. Na tazama miguu yake, huyu anaumwa."

"Mama, unabaki kwa ajili ya kuku?"

"Kwani kuku si kiumbe?"

Dereva alimtazama Redio, Redio akatazama sakafu. "Haya," dereva akasema. "Kuku akipona, nakuja kukuchukua. Hatuwezi kumkalisha shemeji na mzigo wa mtu mzima."

Redio alitaka kusema kwamba si mzigo. Badala yake akaanza kukusanya vikombe. Ukweli ni kwamba alikuwa akiiogopa nyumba tupu kuliko alivyomwogopa mama mkwe. Aliogopa kurudi jioni na kukuta kila kitu kama alivyokiacha asubuhi. Sasa hesabu yake ilikuwa mbaya pande zote mbili: kuku akipona, mama anaondoka, kuku akifa, mama anaondoka, na kuku naye hayupo. Usidhani alifikiria hata mara moja kumwacha Bobini augue. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Na Bobini alikuwa ndiye pumzi pekee iliyobaki ambayo mkewe aliilisha kwa mkono wake.

Basi miguu yenyewe ilikuwaje? Mguu wa kuku mzima una magamba yaliyolala vizuri, moja limeshika jingine. Ya Bobini yalikuwa yameinuka. Chini yake palikuwa na ukoko mweupe wenye vumbivumbi, na miguu imenenepa kama imevaa soksi za chokaa. Alikuwa akisimama kwa mguu mmoja, akibadilisha, akijidonoa kwa kuwashwa. Redio, ambaye vichwa vyenye kila aina ya ugonjwa wa ngozi vilipita mikononi mwake, alijua harufu ya kitu kinachoishi chini ya ngozi. Aliuliza mteja mmoja mfugaji, akaambiwa: utitiri, wadudu wadogo wasioonekana, wanachimba chini ya magamba. Mpake kuku miguuni mafuta mazito, wakose hewa.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi, mama mkwe akiwa bafuni, Redio alinyemelea barazani, akamshika Bobini, akampaka miguu yote mafuta ya mgando, yaleyale ya kuwapaka wateja shingoni. Kisha akanawa na kwenda zake kazini bila kusema. Angesemaje? "Mama, nimekuzidi kuona"? Mama ndiye aliyesema atamwangalia kuku. Kumwonyesha kwamba uangalizi wake hautoshi ingekuwa ukosefu wa adabu.

Sasa msikilize mama mkwe. Ikifika mchana alikuta miguu ya kuku inang'aa na imeshika mchanga wote wa uani. Jirani yao alikuwa fundi pikipiki. "Huyu kuku amekanyaga grisi ya watu tena!" Akachukua beseni, maji na sabuni ya kipande, akamwosha Bobini mpaka mafuta yote yakaisha. Akamfuta. Halafu akachekecha jivu laini la jikoni, akampaka miguuni, kama alivyomwona bibi yake akifanya. Kwa Redio hakusema neno. Angesemaje? "Mkwe, kuku wako mchafu"?

Jioni Redio akarudi, akakuta miguu ina jivu. "Maskini, anajiviringisha jivuni kwa kuwashwa." Akalowesha kitambaa, akalifuta lote. Akafika mahali pa kulifunika shimo la jivu kwa kipande cha bati. Mama mkwe alipoliona bati alifurahi kuona mkwe wake anapenda usafi, akaenda kuomba jivu kwa jirani.

Wakaenda hivyo juma baada ya juma. Mama mkwe alimfuata fundi pikipiki, akamsema kwa upole ule wa watu wazima unaouma kuliko matusi, na yule kijana wa watu akaapa kwa watoto wake wote kwamba grisi yake haijawahi kuvuka ukuta. Utitiri, huko chini ya magamba, nadhani walikuwa wakicheka. Asubuhi mafuta, mchana sabuni, jioni kitambaa cha maji. Dawa haikupata hata siku nzima ya kufanya kazi. Na ngozi ya unyayo, kwa kulowa kila siku, ikalainika na kupasuka.

Siku moja Bobini hakutoka bandani. Mama mkwe alimwinua akaona unyayo wa mguu wa kushoto umevimba, wa moto, na katikati pana kigaga cheusi cha mviringo. Alipomweka chini, kuku alikaa kama kitambaa kilichodondoka. Mama mkwe alimfunga kwenye kapu, akajifunga vizuri, akaenda saluni. Alikuwa hajawahi kufika pale. Redio alikuwa katikati ya hadithi, mashine mkononi, mteja nusu kichwa. Alipoiona sura ile mlangoni, hadithi ilikatika kama imekatwa kwa wembe.

"Baba," mama mkwe akasema, akitazama kizingiti, "mtoto hasimami."

Mteja alibaki na nusu kichwa. Kwa bahati alikuwa muungwana, akafunga leso akasema atarudi.

Daktari wa mifugo alikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, mahali panaponuka pumba na dawa. Alikuwa mama wa makamo mwenye mabuti ya mpira na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimtoa Bobini kapuni kwa mikono yote miwili, akamlaza kifudifudi juu ya taulo, akaishika miguu kwenye mwanga.

"Hii miguu imeteseka muda mrefu. Nani anamtibu?"

"Mimi," akasema Redio.

"Mimi," akasema mama mkwe.

Wakageuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wale watu wawili kutazamana machoni tangu siku ya posa.

"Mnampa nini?" daktari akauliza.

"Mafuta ya mgando, asubuhi," akasema Redio.

"Jivu, mchana," akasema mama mkwe. "Baada ya kumwosha grisi..." Akamtazama Redio tena. "Baba, ile haikuwa grisi?"

"Mama, kumbe hajiviringishi jivuni?"

Daktari aliivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Alikuwa akipigana na kicheko na kicheko kikamshinda. "Kwa hiyo utitiri hamjawagusa hata siku moja. Mmekuwa mkitibuana ninyi kwa ninyi! Na hamkuulizana?"

"Nilimheshimu," akasema Redio.

"Na mimi nilimheshimu," akasema mama mkwe.

"Heshima ni kitu kizuri," akasema daktari. "Ila kuku huyu amebakiza kidogo afe nayo."

Kisha akaacha mzaha. Alisafisha ule unyayo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka kigaga kikalainika, akakiinua kwa kibano, na chini yake akatoa donge gumu la usaha mfano wa punje ya mahindi. Redio, mtu aliyeshika wembe miaka yote, aliona ukuta unazunguka. Mama mkwe alimsogezea kiti kwa mguu bila kumtazama, na bila kumwachia kuku.

"Sikilizeni wote wawili," daktari akasema akifunga bendeji. "Uvimbe ukipanda ukafika kwenye kiungo, sitaweza kumwokoa. Kwa hiyo kazi ni sasa. Mguu uoshwe kwa maji ya chumvi, ukaushwe kabisa, upakwe dawa hii, ufungwe upya. Magamba msugue polepole kwa mswaki laini na sabuni, mkaushe, ndipo mpake mafuta, na mafuta yabaki! Gamba ambalo halijaachia msilibandue, litatoka lenyewe. Utitiri hawafi kwa siku moja, wanataka subira. Na huko anakolala, analalia nini?"

"Bomba la chuma," akasema Redio kwa sauti ndogo. Alilipachika mwenyewe, juu kabisa, akiona fahari.

"Bomba jembamba, gumu, halafu anaruka toka juu kwenye sakafu ya saruji. Unyayo utapona lini? Mpatieni mti mpana, uliolainishwa, karibu na chini. Sakafuni mwageni maranda makavu. Banda lisuguliwe mpaka kwenye nyufa." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Na kazi hii si ya mtu mmoja. Mmoja anashika, mmoja anatibu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Basi kila siku Redio aliporudi, jua lingalipo, mama mkwe alikaa kwenye kiti cha fundi barazani, Bobini mapajani, amefungwa taulo na kufunikwa kichwa ili atulie. Redio alikaa kwenye kigoda, chini kabisa, magotini pa mama mkwe wake, beseni katikati. Hakuna namna nyingine ya kuifanya kazi ile. Siku ya kwanza alilowesha mswaki mara tatu kabla ya kuugusa mguu.

"Mshike hapo, mama," akasema, kisha akagundua amemwamrisha mkwe. Beseni nusura limwagike.

"Nimemshika. Endelea, baba, maji yanapoa."

Mikono ya kinyozi inaijua ngozi. Inajua tofauti ya kusugua na kukwaruza, inajua pa kupita kwa ncha ya kidole na pa kuruka. Alipitisha mswaki juu ya magamba taratibu, kuelekea chini tu, akafuta, akakausha katikati ya vidole kwa kona ya taulo, akapaka mafuta mpaka nyuma ya mguu ambako watu husahau. Ule unyayo mbovu aliuacha wa mwisho. Mama mkwe aliitazama mikono ile ikifanya kazi. Alikuwa hajawahi kuiona.

Siku za mwanzo yalikuwa hayo tu: shika, nimeshika, geuza, tayari. Lakini mtu akikaa magotini pa mtu kila jioni, ukimya unakosa pa kukaa. Siku moja mama mkwe akauliza, kama anaongea na kuku, "Hivi ninyi mlikutana harusini kwa nani?"

"Harusini?"

"Aliniambia mlikutana harusini."

Redio akacheka, na alipocheka ile redio ya saluni ikashika mawimbi bila yeye kujua. "Mama, harusi gani! Alikuwa amepanga chumba pembeni ya saluni. Akaja siku moja, tepu shingoni, mkasi mkononi, akaniambia mbele ya wateja: wewe kaka, ukiongea mimi nasikiliza, nikisikiliza mshono unapinda. Nimeharibu gauni la mtu kwa ajili ya hadithi yako. Sasa malizia, yule mwizi wa baiskeli alikamatwa?"

Mama mkwe alicheka mpaka Bobini akatoa kichwa kwenye taulo kuangalia kuna nini. "Mwongo yule! Harusini! Na mimi nikamwuliza alivaa nini, akanieleza na rangi ya suti."

"Suti sina mpaka leo, mama."

Kuanzia hapo wakaongea. Mama mkwe alimweleza jinsi binti yake alivyokuwa mdogo, alivyokata pazia la shule akamshonea mwanasesere, na mama mtu ndiye mpishi wa shule ileile, aibu! Redio naye alimweleza mambo ya ndoa ambayo mama anapaswa kuyasikia, na yale asiyopaswa akayaruka. Kila mmoja alikuwa na nusu ya mtu yule. Walikuwa wakizileta pamoja juu ya beseni la maji ya chumvi.

Jioni moja Redio alifungua bendeji akakuta unyayo umekauka. Uvimbe umeshuka, ngozi changa ya waridi imeanza kuziba kidonda. Hata magamba ya mguu mwingine yalikuwa yameanza kudondoka yenyewe, na chini yake mapya yamelala safi. Akaingiza mkono katika taulo kukausha vidole, kimoja kimoja, vile vilivyonyooshwa na mkewe kwa kipande cha boksi. Mkono ukasimama. Machozi yakaanza kudondokea kwenye beseni. Tangu msiba alikuwa hajalia mbele ya mtu.

"Nimemkumbuka, mama," akasema. "Nimemkumbuka sana."

Mama mkwe hakumwambia ajikaze, wala kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Hayo alishayasikia yeye mwenyewe mpaka yamemchosha. Machozi yake yalikuwa yanamtiririka pia, na mikono yote miwili imebanwa, hawezi hata kuyafuta.

"Lia, baba," akamwambia. "Wewe lia tu. Kuku nimemshika mimi."

Bobini alipona. Nasema hivi waziwazi kwa sababu wao wawili hawakulisema. Ukucha mmoja ulitoka na haukurudi, basi. Mengine yote yalikuwa mazima. Alishuka kwenye mti wake mpana kila asubuhi, akachakura uani mpaka akatoboa mashimo. Lakini kila jioni walimkamata, wakamfunga taulo, wakamtibu.

"Hapa naona gamba bado limeinuka," mama mkwe alisema.

"Hata mimi nimeliona," Redio alijibu. Gamba lenyewe halikuwapo.

Kuku hana subira na mambo ya wanadamu. Ikafika siku akiona taulo tu anakimbilia nyuma ya pipa, na hao watu wazima wawili wanamfukuza uwanja mzima, wanahema, ili wamtibu mguu unaowashinda mbio. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alijua mwenzake anajua, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kusema.

Dereva alikuja Jumapili moja saluni ikiwa imefungwa. Lori lilijaza mlango mzima. Alisalimia, akakaa, akapewa chai, akatazama nyumba iliyofagiwa, banda lililosuguliwa, kisha akafikia shabaha yake.

"Haya mama, mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Bado anachechemea," mama mkwe akasema bila kupepesa.

Wakati huohuo panzi aliruka katikati ya uwanja. Bobini akatoka chini ya cherehani kama ametumwa, akakata uwanja, akapiga kona kwenye pipa, akaruka kipande cha ukuta, akamnasa panzi hewani. Kisha akasimama mbele ya mgeni kwa miguu yote miwili, akammeza.

Dereva aliweka kikombe chini. "Mama, anachechemea mguu upi?"

Mama mkwe akakunja mikono, akainuka. "Basi. Acha nikafunge mfuko wangu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Angefanya nini kingine? Mtu mzima hajiombei kukaa kwa mkwewe; anakaribishwa, au anaondoka. Na Redio alikuwa amekaa palepale macho chini, maneno yote ya saluni yamemkimbia, kwa sababu mama akishasema ninaenda, mkwe mwenye adabu anasema ndiyo, mama.

Alizisikia hatua zake zinaelekea mlangoni. Akaona kwamba lile kosa walilokuwa wakimfanyia kuku wanakwenda kufanyiana wao.

"Shemeji," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Kuku amepona. Amepona siku nyingi. Mimi ndiye sijapona."

Redio aliinuka, akageuka, akamtazama mama mkwe wake usoni, moja kwa moja, jambo ambalo alifundishwa maisha yake yote asilifanye.

"Mama, usiende. Nakuomba. Nikirudi jioni nataka nikukute."

Mama mkwe alikuwa ameshika fremu ya mlango. Akaiachia.

"Na mimi wapi nimepona, baba," akasema.

Akarudi, akakaa, akammiminia mwanawe kikombe cha pili bila kuulizwa, akamwambia anywe aondoke mapema kabla barabara haijajaa. Dereva alikunywa. Alikuwa na sauti kubwa lakini hakuwa mjinga. Mama mkwe alimsindikiza mpaka kwenye lori, na alipokwisha kupanda na kuwasha injini akamgongea mlango ateremshe kioo.

"Nyumbani wakikuuliza niko wapi, usiwaambie niko kwa mkwe," akasema. "Waambie niko kwa mtoto wangu."

Redio alikuwa amesimama nyuma yake, na aliyasikia.